Dawati la Mlowezi katika Thika na Ruiru

Kitenzi kuandika kina maana zaidi ya moja. Mtumishi huandika meza, yaani huitayarisha kwa chakula. Karani huandika barua. Mwenye shamba huandika mtu, yaani humwajiri. Katika mashamba ya kahawa ya Thika na Ruiru, maana hizo mbili za mwisho zilikutana juu ya samani moja, nayo ni dawati la mlowezi.

Neno dawati lina asili ya Kiarabu, ambamo lilimaanisha kidau cha wino. Likaja kuwa jina la kijisanduku cha vyombo vya kuandikia, na hatimaye la meza yenye saraka.

Madawati ya mahogani yaliyosifiwa kuwa ya Kiingereza yalikuwa ya Kiingereza kwa ufundi tu. Mti wenyewe ulitoka Jamaika, Kuba na Honduras. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliziondolea ushuru mbao za makoloni yake ya Amerika, na Thomas Chippendale alipochapisha michoro yake ya samani mwaka 1754, mahogani ilikwisha kupendwa mno na matajiri. Waliouangusha mti huo msituni walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa wenye asili ya Afrika. Mkangazi wetu ni wa ukoo huohuo, na (jambo ambalo wauzaji wa samani hawalitaji) hata mwarobaini.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Miaka miwili baadaye ilitungwa sheria ya kuwaandikisha Waafrika, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Hapo ndipo dawati lilipopata nguvu yake. Mwajiri alijaza katika kipande siku ya kuanza kazi na ujira. Pasipo sahihi yake ya kumwachilia mfanyakazi, mtu huyo hakuweza kuandikwa kwingine kwa halali, na akiondoka alihesabiwa mtoro. Kwa hiyo yafaa tuone kwamba kulikuwa na visanduku viwili vya maandishi: kimoja cha mahogani, chenye kufuli, barazani kwa bwana, kingine cha chuma, shingoni mwa kibarua, naye mara nyingi hakuweza kuyasoma yaliyomo.

Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga hadharani. Umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi.