Python Iliyojificha Ndani ya LibreOffice

Hebu fanya jaribio dogo. Uwe nyumbani Bombambili, hapa Songea, au popote ulipo, tafuta kompyuta ya Windows yenye LibreOffice. Zima intaneti. Ingia kwenye Program Files, fungua folda ya LibreOffice, kisha ile iitwayo program. Shuka taratibu mpaka uone jina linaloanza na python-core. Umeliona? Hiyo ni lugha ya kuprogramu, Python, ikiwa na vifaa vyake. Hukuiomba, na pengine hukujua kama unayo.

Nani aliiweka humo, na kwa nini?

Tuanze na lugha yenyewe. Guido van Rossum, Mholanzi, alianza kuitengeneza Python mwishoni mwa 1989, akaitoa kwa umma 1991. Msimbo wa Python ni maandishi tu. Kompyuta haiyaelewi mpaka awepo mkalimani, yaani programu inayoyasoma na kuyatekeleza. Windows haikuja na mkalimani huyo. Ukimtaka, unamweka mwenyewe.

Sasa twende 2003. OpenOffice.org 1.1, ambayo ndiyo mzazi wa LibreOffice, ilitoka ikiwa na daraja la kuiunganisha na Python, ili mtu aweze kuandika programu ndogo za kumfanyia kazi za ofisi: kujaza majedwali, kugeuza nyaraka na kadhalika. Shida ni kwamba daraja hilo lilijengwa kwa ajili ya toleo moja mahususi la Python. Ukiwa na toleo jingine, halishiki. Wahandisi wangeweza kumwambia kila mtumiaji aende kutafuta toleo sahihi. Badala yake wakampakia mkalimani humohumo ndani, Python 2.2.2. Ni kama mwanafunzi wa bweni anayefika shuleni na tranka lake: godoro, ndoo, sahani, kila kitu. Hamtegemei mtu.

Kwetu uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyojengwa juu ya familia hiyohiyo ya 1.1. Kumbuka, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, ya taratibu na ya bei mbaya. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar. Programu ikifika huku kwa CD halafu ikakwambia "nenda kwanza ukapakue Python", safari imeishia hapo. Inayokuja na tranka lake inafanya kazi siku hiyohiyo.

Lakini tranka lina gharama. Kwanza ni uzito, maana kila programu inabeba nakala yake. Pili, vitu vilivyomo vinazeeka. Python 2.3 ilitoka Julai 2003, kabla hata OpenOffice.org 1.1 haijakamilika, kwa hiyo mkalimani aliyepakiwa alikuwa nyuma tangu siku ya kwanza. Na usidhani ukiweka Python mpya kwenye kompyuta yako utakuwa umemwondoa wa zamani. Yule wa ndani hubaki palepale mpaka programu yenyewe ibadilishwe.

Gharama ya tatu ilionekana wazi Februari 2019. Mtafiti wa usalama Alex Inführ alieleza udhaifu alioukuta kwenye LibreOffice. Hati ya kawaida iliweza kutengenezwa hivi kwamba ukipitisha tu kishale cha mausi juu ya maandishi fulani, inaendesha amri kwenye kompyuta yako bila kukuuliza. Ilifanyaje? Ilitoka nje ya folda iliyoruhusiwa, ikaenda kwenye mafaili ya ile Python ya ndani, ikalitumia faili la pydoc.py lililokuwemo tayari. Mshambuliaji hakuhitaji kubahatisha, kwa sababu alijua faili hilo lipo, tena mahali palepale, kwa mamia na maelfu ya watu.

Hapo ndipo penye fundisho. Kinachoifanya programu iaminike kila mahali, kwamba kilichomo ni kilekile kwa kila mtu, ndicho kilichompa mshambuliaji uhakika. Sifa na udhaifu vimetoka mfuko mmoja.

Je, wakosoaji wa tranka wana haki? Mimi nasema hapana, hasa kwa sisi ambao bando likikata ndiyo basi. Ila aliyebeba tranka lazima alifungue mara kwa mara aangalie kilichooza. Huku kwetu faili la kusakinisha huzunguka kwa fleshi miaka na miaka, kutoka steshenari hadi shule, na hakuna anayeuliza ni la lini.

Basi kabla hujaizima hiyo kompyuta, fungua menyu ya Msaada, usome namba ya toleo. Udhaifu ule ulizibwa kwenye 6.0.7 na 6.1.3. Ukikuta yako ni ya kabla ya hapo, tafuta toleo jipya, uliweke kwenye fleshi, kisha mpe na jirani. Fleshi iliyosambaza la zamani inaweza kusambaza na jipya.