Daftari la Mama Lishe
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Arobaini ya mume wangu ilipopita, shemeji alinitaka nirudi kwetu Muze na kumwachia kiwanja cha barabarani. Nilimjibu kwamba mimi na wanangu hatuendi popote. Akatoka bila kuaga.

SASA ENDELEA

Juni ya Laela haimhurumii mtu aliyezaliwa bondeni. Kwetu Muze, upande wa Ziwa Rukwa, joto halikuachi hata usiku. Huku juu Ufipa, ukitoka nje saa kumi alfajiri vidole vinakufa ganzi kabla hujashika kuni. Nilivaa koti la marehemu, lile zito alilosafiria na fuso la mahindi, nikakunja mikono mara mbili, nikachochea moto.

Nilianza na sufuria moja, debe la maharage na unga wa kukopa. Mtaji wangu ulikuwa rambirambi ya kina mama wa jumuiya, nayo ilitosha wiki moja tu. Maharage niliyachemsha tangu jioni, nikayaacha juu ya makaa usiku kucha, asubuhi yakawa laini bila kupasuka. Magadi sikutia. Magadi huyaivisha haraka, lakini huyaua ladha, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumvutia mteja zaidi ya ladha.

Siku ya kwanza walikuja wateja wanne. Nilipakua sahani tano. Ile ya tano niliikatia ugali mkubwa, nikaweka pilipili pembeni, mbichi, haijakatwa. Nilikuwa nimeishika mkononi nikitazama barabarani, kumbe namngoja. Utingo mmoja akaniuliza, "Mama, hii ya nani?" Nikamsogezea. Alikula, hakulipa, wala sikumdai.

Kiwanja chenyewe tulikinunua wawili, kabla lami haijafika, wakati watu wakitushangaa. Yeye alitoa mshahara wa safari, mimi nikauza magunia sita ya maharage yangu. Lami ilipopita, pakawa mahali pa riziki: Laela iko kilomita 95 kutoka Sumbawanga na kama 128 kutoka Tunduma, hivyo dereva aliyeondoka Tunduma alfajiri anafika kwangu njaa inamuuma.

Julai msimu wa mahindi ukafunguka. Wakulima wakashuka na magunia yao, wakalala juu yake wakingoja bei na zamu. Mtu aliyelala juu ya mali hana pesa mfukoni. "Mama, nipe nile, nikiuza nakulipa." Ningewakatalia vipi, na mimi mwenyewe nilikopeshwa unga?

Ndipo lilipoanza daftari. Kila jioni mwanangu wa kwanza, wa kidato cha pili, alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, mimi nikimtajia, yeye akiandika: jina, kijiji, sahani ngapi. Ana mwandiko wa kuvutia. Herufi k huivutia mkia mrefu unaoshuka chini ya mstari na kujikunja. Baba yake alikuwa akimtania, "Na hiyo ndoano yako, leo umevua wangapi?" Tangu msiba mtoto huyu alikuwa amepunguza maneno. Mimi nilidhani ni kilio cha baba. Nilikuwa na masufuria matatu motoni, sikumuuliza.

Mwisho wa Agosti kopo langu lilikuwa na shilingi 640,000. Nilitaka mabati na meza mbili.

Mama mmoja, msaidizi wa kisheria, alikuwa mteja wangu wa mchana. Siku hiyo alimaliza kula, akanawa, akaniita pembeni.

"Dada, usijenge kwanza. Mirathi umefungua?"

"Bado, mama. Msimu huu sina hata nafasi ya kukaa."

Akatikisa kichwa. "Vyombo hivi na pesa uliyochuma ni vyako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mwanamke kuwa na mali yake. Lakini kiwanja kina jina la marehemu. Mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Zinasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ushahidi wa magunia yako unao. Nenda Mahakama ya Mwanzo kabla mwenzako hajatangulia."

"Nitakwenda Jumatatu."

Jumatatu malori kumi na moja yaliegesha mbele ya banda langu. Nikasema Jumanne. Jumanne nikasema wiki ijayo. Nayajutia malori yale mpaka leo.

Alhamisi jioni shemeji alikuja, amevaa vizuri, nyuma yake wazee wawili wa ukoo. Sauti ilikuwa ya upole.

"Shemeji, habari za kazi? Hatukuja kwa shari. Tumekuletea nakala yako."

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikapokea. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Shemeji ameteuliwa kusimamia mirathi. Mjane ameridhia kukabidhi kiwanja. Chini kulikuwa na waliohudhuria, namba tatu jina langu, mbele yake saini. Mimi sikukaa kikao chochote. Tarehe ile nilikuwa hapa hapa nikisonga ugali.

"Hii saini si yangu," nikasema.

"Mbona katibu wa kikao alikuona?" shemeji akanijibu, akitabasamu kidogo.

Nikainamisha karatasi kwenye mwanga wa moto nisome jina la katibu. Halikuwepo. Basi macho yakarudi juu, kwenye maneno yenyewe. Kikao. Kiwanja. Kukabidhi. Kila k ilikuwa na mkia mrefu, umeshuka chini ya mstari, umejikunja kama ndoano.

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Nikageuka. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, daftari la madeni liko miguuni pake.

"Mama," akasema, "bamdogo aliniambia ukijua utakufa kama baba."

Je, shemeji anajua nini kuhusu kifo cha mume wangu? Usikose Sehemu ya Nne, Jumamosi ijayo.