Asili ya Tezi za Juu ya Figo

Juu ya kila figo ya mwanadamu imeketi tezi ndogo, mfano wa kofia iliyovikwa upande. Bartolomeo Eustachi wa Roma alizieleza tezi hizi mwaka wa 1563. Alizitambua, lakini kazi yake hakuijua. Chuo cha wataalamu cha Bordeaux, katika Ufaransa, kiliahidi tuzo kwa atakayeieleza kazi hiyo. Mwaka 1718 Montesquieu, aliyekabidhiwa hukumu ya majibu yaliyoletwa, hakuona hata moja lililostahili, na tuzo haikutolewa. Naona hiyo ilikuwa hukumu ya haki, maana ni afadhali swali likae bila jibu kuliko kuvikwa jibu la uongo.

Baadaye ikajulikana kwamba jambo lenyewe ni la uhai na mauti. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa London, alieleza wagonjwa waliodhoofika, ngozi zao zikageuka kuwa nyeusi kuliko kawaida, kisha wakafa. Walipopasuliwa, tezi hizo zilionekana zimeharibika. Mwaka uliofuata Brown-Séquard aliwaondolea wanyama tezi zote mbili, nao wakafa upesi.

Wakati huo darubini zilikwisha kuonyesha kwamba ndani ya tezi mna nyama za namna mbili: ganda la nje la rangi ya manjano, na moyo wa ndani wenye wekundu wa udongo. Je, ni kiungo kimoja au viwili? Wako walioshikilia kwamba seli za ndani ni watoto wa zile za nje. Kumkata maiti ya mtu mzima kusingeliamua shauri hilo. Ilibidi kurudi nyuma, mpaka kwenye siku za mwanzo za kijusi.

Aliyerudi kwa bidii kubwa ni Francis Balfour wa Cambridge, ndugu mdogo wa yule Arthur Balfour aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1902. Huyu hakuanza na mtu, bali na papa. Sababu yake ni nzuri kuitafakari: katika papa, nyama zile mbili hazikuungana. Moja imelala kati ya figo. Nyingine imetawanyika vipande vipande, jozi kwa jozi, kandokando ya uti wa mgongo. Balfour alikata vijusi vya papa vipande vyembamba, akavifuata hatua kwa hatua, akaona kwamba vile vipande vya jozi vimetoka katika mafundo ya neva, na ile nyingine katika tabaka la kati la kijusi, linalozaa pia figo na misuli. Kitabu chake kilitoka mwaka 1878, naye hajatimiza miaka thelathini. Mwaka 1882 aliteleza akafa akipanda milima ya Alps.

Basi kwa mwanadamu ni hivi. Katika wiki ya tano hivi ya mimba, ganda huanza kujijenga karibu na mahali pa figo. Kisha huja wageni: seli zilizotoka ukingoni mwa utepe wa neva, wakati utepe huo ulipokuwa ukijikunja kuwa bomba la uti wa mgongo. Hizo husafiri, huingia ndani ya ganda, na huko hufanya makao. Ndizo zitoazo adrenalini, ile inayokimbiza moyo wetu tunapoogopa.

Safari hiyo ilithibitishwa katika miaka ya 1970 na Nicole Le Douarin wa Ufaransa. Alipandikiza seli za tombo katika kijusi cha kuku. Na kwa kuwa kiini cha seli ya tombo hutambulika kwa darubini, aliweza kuwajua wasafiri kila walipofika. Hata hivyo njia yenyewe haikuwa imejulikana yote. Mwaka 2017 uchunguzi wa panya ulionyesha kwamba seli nyingi katika hizo hazifiki peke yake: hutambaa kwanza juu ya nyuzi za neva, zikiwa seli za kuzifunika nyuzi hizo, na zikishafika katika tezi ndipo hubadilika.