Joistiki ya mtumba, redio ya babu na bwana Link

Najua nimepotea, test zilinibana kweli kweli. Leo nina stori ya historia, ila inaanzia chumbani kwetu bwenini.

Boom lilipotoka, badala ya kununua viatu kama nilivyomwahidi mama, nikapitia Kariakoo nikabeba joistiki ya mtumba na throto yake, yaani ule wenzo wa kuongezea nguvu ya injini. Urubani nimeutamani tangu utotoni, lakini ada yake kwa nyumba yetu ni ndoto. Nikasema basi, nijifunzie kwenye FlightGear, ile programu ya bure ya kurusha ndege. Nikachomeka, nikapaa kutoka Dar kwenda Zanzibar. Weee! Ndege inalalia kushoto yenyewe, injini mara inanguruma, mara inanywea. Mwenzangu wa kitanda cha juu alicheka mpaka machozi. Roho iliniuma jamani, hela ya kula ile.

Usiku usingizi ukagoma, nikawa nasoma. Kumbe kukosa hela ya kujifunza urubani hakukuanza na mimi. Mwaka 1929, huko Binghamton, New York, Edwin Link alikamilisha kindege kisichoruka. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, na masomo ya kuruka yalikuwa ghali. Basi akachukua mivukuto na pampu za hewa za vinanda, akaziunganisha na fimbo ya rubani. Ukisukuma fimbo, hewa inaingia kwenye mvukuto na kindege kinainama. Mwanzoni wengi walikiona mchezo wa kwenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakafa kwenye hali mbaya ya hewa, ndipo likanunua mashine 6 za Link.

Turuke hadi 1981, IBM walipotoa PC yao. Mwaka uliofuata ikatoka Microsoft Flight Simulator, kazi ya Bruce Artwick. Joistiki za wakati ule ndani yake zilikuwa na potenshiomita mbili, kifaa kile kile kilichoko kwenye kitufe cha sauti cha redio! Kompyuta ilihesabu muda ambao kapasita inachukua kujaa umeme kupitia hapo. Kompyuta yenye kasi zaidi ilipata namba kubwa zaidi kwa fimbo ile ile, kwa hiyo ilibidi uifundishe upya katikati ni wapi na mwisho ni wapi. USB ilipokuja mwaka 1996, hesabu ikahamia kwenye chipu ndani ya joistiki yenyewe. Lakini nyingi za bei nafuu zimebaki na potenshiomita.

Hapo ndipo nikamkumbuka babu. Redio yake ilikuwa ikikwaruza kila ukizungusha sauti. Fundi alipuliza dawa ya kusafishia, akazungusha kitufe huku na huku, ikapona.

Asubuhi nikaandika joy.cpl kwenye Windows. Alama ya fimbo imetulia, ila iko kushoto: hiyo ni ya kusawazisha tu. Throto nayo inarukaruka bila kuguswa: huo ni uchafu, programu haina kosa. Nikachomoa waya, nikafungua skrubu, nikapuliza dawa, nikazungusha kama mara 50, nikaacha ikauke. Nikarudisha, nikasawazisha upya.

Wandugu, nimetua Zanzibar! Kwa kudundadunda, lakini nimetua. Throto bado inaruka kidogo mwishoni mwa safari yake, maana kaboni ikishalika hakuna dawa ya kuirudisha, ni kubadilisha kifaa. Na yule aliyecheka? Sasa anapanga foleni.

Mama, kama unasoma hapa: viatu ni boom lijalo. Haki ya Mungu.