Farasi wa Brixton

Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza namna watoto wa Seyyid Said walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wangali wadogo. Walimu wao walikuwa matowashi wa jumba. Walipokwisha kuzoea, kila mmoja alipewa mnyama wake: wavulana farasi, na wasichana punda wakubwa weupe wa Maskati. Watoto wengi wa Unguja wa zama hizo waliwaona farasi wale wakipita tu. Seruji ilikuwa alama ya nyumba aliyozaliwa mtu, na ndani ya nyumba hiyo hiyo ikamtenga kijana mwanamume na dada yake.

Hali hiyo haikuwa ya Mtoni peke yake. Popote farasi alipofugwa kwa fahari, mtoto alimrithi pamoja na ardhi, jina na watumishi. Uingereza, ambako mapenzi ya farasi yamekuwa kama mila ya taifa, ni mfano mwema wa jambo hilo. Huko ndiko urithi huo ulikoundiwa chama cha watoto, na huko ndiko, miongo kadhaa baadaye, watoto wasiorithi chochote walikoanza kuushika wenyewe.

Chama hicho, Pony Club, kilianzishwa mwaka 1929 kiwe tawi la vijana la taasisi ya farasi ya nchi hiyo. Poni ni farasi mdogo wa kimo, anayemfaa mtoto. Wakati huo magari yalikuwa yamekwisha kumpokonya farasi kazi zake barabarani, na waliompenda walihofu kwamba kizazi kipya kingekua bila ya kujua kumtunza wala kumpanda. Wakaweka mafunzo, mitihani na beji za daraja mbalimbali, na chama kikaenea upesi.

Lakini matawi yake yalifuata mipaka ya vyama vya kuwinda mbweha, na mengi yakachukua hata majina ya vyama hivyo. Mtoto aliyekaa shamba, ambaye wazazi wake walikuwa na banda na malisho, alijua tawi lake bila ya kuuliza. Aliyekaa katika mtaa wa mjini, pasipo mbweha wala malisho, hakuwa na tawi. Hakuna aliyemfukuza, ila ramani yenyewe haikumtaja. Mwaka 1957 yalianza mashindano ya kombe la Prince Philip, yaliyokusudiwa watoto wenye poni wa kawaida wasio wa bei kubwa. Mlango ukafunguka kidogo, ingawa sharti la kuwa na poni lilibaki.

Sasa na itazamwe Brixton, kusini mwa London. Tarehe 22 Juni 1948 abiria wa meli ya Empire Windrush, wengi wao kutoka Jamaika, waliteremka katika bandari ya Tilbury. Wale ambao hawakuwa na pa kufikia walilazwa katika handaki la vita huko Clapham. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu nao ilikuwa Brixton, na huko ndiko wengi walikopanga vyumba, wakafungua maduka, wakazaa na kulea. Mtaa ukapata muziki wake, soko lake na lafudhi yake. Ukapata pia uchungu wake: mwezi wa Aprili 1981 vijana na polisi walipambana barabarani kwa siku tatu, na machafuko yakarudi mwaka 1985 na tena mwaka 1995. Kwa msomaji wa magazeti wa nchi ile, jina la Brixton lilikuja kuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa moto.

Ni katika mtaa huo, mwaka 1996, ndipo ilipoanzishwa klabu ya vijana iliyoitwa Ebony Horse Club. Ebony ni mpingo. Klabu ilianza bila ya banda na bila ya farasi wake. Watoto walichukuliwa kwenda kujifunza katika mabanda ya watu wengine. Ilichukua miaka 15 kabla ya kupata pake: mwaka 2011 banda lake lilifunguliwa Loughborough Junction, kwenye ardhi iliyobanwa baina ya maghorofa ya makazi na njia za reli. Tangu hapo mlio wa kwato ukasikika chini ya madirisha ya watu ambao hawakutazamia kuusikia.

Wako walioona kuwa ni kioja, farasi katikati ya maghorofa. Wenye kukumbuka historia ya London hawana sababu ya kustaajabu. Katika karne ya 19 mji ule ulikwenda kwa nguvu za farasi: mabasi, mikokoteni ya makaa, ya maziwa na ya bia. Kampuni kubwa ya mabasi ya mji iliondoa basi lake la mwisho la kukokotwa na farasi mwaka 1911. Na waliowalisha wanyama hao alfajiri, wakawafunga lijamu na kuwafuta jasho usiku, walikuwa vibarua na wana wa vibarua. Bwana alimpanda farasi. Maskini ndiye aliyeishi naye. Kwa hiyo mtoto wa Brixton anayeshika hatamu hakuvamia mali ya wenyewe. Amerejea katika kazi iliyokuwa ya watu wa hali yake.

Na kwa hakika kazi ndiyo inayotangulia. Kabla ya kupanda, mtoto hujifunza kuzoa samadi, kutandaza malalo, kujaza maji, kusugua manyoya na kuchokoa kwato. Farasi ana uzito wa kilo mia kadhaa na hana haja ya kumwogopa mtoto; hawezi kulazimishwa kwa ubavu wala kwa kelele. Humsikiliza aliyetulia. Mwenye hasira hujifunza kuishusha, kwa kuwa mnyama aliye mbele yake huigundua kabla yake mwenyewe, na mwenye haya hujifunza kusimama wima. Wazee husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; katika banda lile farasi naye ni mmoja wa walezi.

Mwaka 2019 klabu hii ilisikika nchi nzima. Khadijah Mellah, msichana Mwislamu wa Peckham, aliyejifunza kupanda hapo, alichaguliwa kushiriki mbio za wanawake za hisani ziitwazo Magnolia Cup, huko Goodwood. Alikuwa na umri wa miaka 18. Miezi michache tu kabla yake hakuwa amepata kumpanda farasi wa mbio. Ikambidi afanye mazoezi Newmarket, makao ya mchezo huo, huku akijiandaa kwa mitihani yake ya shule. Tarehe 1 Agosti, akiwa na hijabu chini ya kofia yake ngumu, alimpanda Haverland katika masafa ya zaidi kidogo ya kilomita moja. Wakafika wa kwanza. Ilitangazwa kuwa hakupata kuonekana mpanda farasi mwenye hijabu katika mashindano ya mbio ya Uingereza kabla yake.

Ushindi wa siku moja haubomoi ukuta. Farasi hula kila siku, awe ameshinda au hakushinda. Nyasi kavu, daktari wa mifugo na mfua njumu wote wataka kulipwa, na klabu ya mtaa kama ile huishi kwa michango. Mabanda ya vijana katikati ya miji mikubwa bado ni machache, na ardhi ya London haina huruma kwa asiye na fedha.

Hata hivyo, jambo moja limekwisha kuthibitika, na laweza kupimwa kwa kurudi Mtoni. Kule binti wa mfalme, pamoja na hadhi yake yote, alipewa punda kwa kuwa ni msichana. Goodwood binti wa Peckham alitangulia mbele ya wote juu ya farasi wa mbio, na hakurithi hata seruji. Aliyoyajua aliyapata kwa jasho, katika banda lililo pembezoni mwa njia ya reli.