Mtetea na Siku Zake 21

Kiswahili hakimwiti kuku jike kwa jina moja. Akiwa amekomaa lakini bado hajataga, ni tembe. Akianza kuzunguka uani akipiga kelele za kutafuta pahala pa kutaga, ni mtetea; na kitenzi kilichomzalia jina hilo, kutetea, ndicho kisemwacho kwa mtu asimamaye upande wa mwenziwe mbele ya kadhi. Wenye kamusi wakipenda na wakigawe mara mbili. Sikio la Mswahili halikigawi. Akishapata watoto huitwa koo. Baina ya mtetea na koo kuna siku 21 ambazo lugha haikuzipa jina la ndege. Imezipa kitenzi tu, kuatamia. Tarehe ya kuku, ikisomwa vizuri, ni tarehe ya kitenzi hicho: nani ameatamia, wapi, na nani alikuja akamwondoa juu ya mayai.

Nduguye wa porini, kuku mwekundu wa msituni, angali hai Asia ya Kusini-Mashariki. Uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2020 uliwaweka mababu wa kuku wa nyumbani katika eneo la kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Kufika kwake pwani ya Afrika Mashariki ni jambo lililowagombanisha wanaakiolojia. Palikuwa na madai kwamba mifupa ya kuku imeonekana katika mapango ya Unguja, kwenye tabaka za maelfu ya miaka iliyopita. Tabu ni kwamba mfupa wa kuku, wa kanga na wa kwale havitofautishiki kirahisi kwa jicho. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kuipima upya mifupa ya visiwani na pwani, safari hii si kwa umbo peke yake bali pia kwa masalio ya protini na chembe za urithi yaliyomo ndani yake. Madai ya mapangoni hayakusimama. Kilichosimama ni kuku wa miji ya mwanzo ya biashara, Unguja Ukuu ikiwemo, katika karne ya 7 na ya 8 Miladi. Alikuja zama moja na panya mweusi, msafiri ambaye hakualikwa na mtu.

Alivukaje bahari? Yai lenye mbegu likikaa zaidi ya wiki mbili bila kupata joto huanza kupoteza uhai wake, na ndani ya chombo kinachoyumba ni tabu kumpata mtetea atakayetulia. Kwa hiyo haielekei kwamba mabaharia walivusha mayai. Walivusha kuku hai ndani ya matenga, na hapana shaka wengi wao waliishia chunguni kabla ya kuiona nchi kavu. Waliosalia wakataga katika pembe za nyumba za udongo, wakaatamia, na kuanzia hapo kisiwa hakikulazimika kungoja tenga jingine. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kila kuku wa sinia hizo alitoka chini ya kifua cha kuku mwingine.

Jina lake nalo lina la kusema. Bata alikuja na jina lake la Kiarabu. Kuku, mgeni wa kutoka mashariki ya mbali, ana jina la Kibantu: Washona humwita huku, Wazulu inkukhu, Waganda enkoko. Huenda ni sauti yake mwenyewe iliyomtaja. Mgeni aliyepewa jina la nyumbani si yule anayenunuliwa upya kila msimu. Ni yule aliyezalia uani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, yasema methali, lakini kila mfugaji anajua siku ya kuifungua kamba hiyo. Kuku aliyekwisha kukaa juu ya mayai hatoroki.

Lamu na visiwa vya jirani yupo kuku aitwaye kuchi, mrefu wa miguu na wa shingo, mkali wa macho, ambaye majogoo wake walifugwa kwa kupiganishwa. Wachunguzi wa nasaba wamemkuta mbali na kuku wengine wa kienyeji, na karibu zaidi na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki, hasa Shamo wa Japani. Ushahidi huo umesomwa katika urithi upitao kwa mama peke yake, koo kwa koo, hadi ng'ambo ya bahari. Ni habari ya kupendeza, lakini ina upungufu mmoja. Katika nyua za pwani yai la kuku mmoja huwekwa chini ya mwingine aliye mtulivu zaidi. Na si la kuku tu, hata la kanga, linalotaka siku 27 hivi, na la bata, linalotaka 28 au 35 kwa kadiri ya aina yake. Mtetea hahesabu. Huendelea kukaa mpaka kitu kitoke. Damu humtaja aliyetaga. Aliyeatamia hatajwi katika damu wala katika mfupa. Ametajwa katika lugha tu, na katika ukweli kwamba kizazi kipo.

Na kazi yenyewe si ya kulala, ingawa watu husema pia kulalia mayai. Mtetea hutaga yai moja kwa siku, pengine akiruka siku, hata yakafika 10 au 15, na muda wote huo mayai hayaanzi safari. Yanangoja. Ndani ya mwili wake hupanda homoni iitwayo prolaktini. Hamu ya kula hupungua, manyoya ya kifuani humtoka, na ngozi tupu yenye joto hugusa ganda moja kwa moja. Siku anapokaa kwa nia, yai la kwanza na la mwisho huanza pamoja, na ndiyo sababu vifaranga wa mayai yaliyotagwa kwa wiki mbili hutoka kwa siku moja au mbili. Huyageuza kwa mdomo mara nyingi mchana na usiku, kwani yai lisilogeuzwa kilichomo hugandamana na utando wake kikafa. Huinuka aghalabu mara moja kwa siku, akala upesi, akanywa, akarudi. Hukonda. Siku ya mwisho vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, naye huwajibu kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia kabla yake. Kuku havunji yai lake, na kwa kweli halivunji: kifaranga mwenyewe hulitoboa kwa kijino kidogo kilicho juu ya mdomo wake, ambacho baada ya siku chache huanguka.

Liko jambo moja dogo zaidi. Kabla ya kutoka, kifaranga huingiza tumboni mwake kiini cha yai kilichosalia, nacho humtosha siku mbili hadi tatu bila chakula wala maji. Ni akiba ya kumwezesha mama akae angoje waliochelewa. Akiba hiyo itarejea mbele ya safari hii, mikononi mwa watu wengine.

Wanafalsafa nao waliinama juu ya kiota. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Miladi, alieleza jinsi moyo wa kifaranga unavyoonekana siku ya tatu kama tone la damu linalorukaruka. Columella wa Roma alihimiza idadi ya mayai iwe witiri, akataja misumari na vitunguu thaumu vilivyowekwa kiotani dhidi ya radi. Asicheke mtu upesi. Witiri ina wapenzi wake hata katika visiwa hivi.

Misri ndiko mtu alikoanza kukikalia kiti cha mtetea. Aristotle alikwisha kusikia kwamba huko mayai huanguliwa ndani ya samadi. Baadaye wasafiri walikuta matanuri ya matofali yenye vyumba vya juu na vya chini, moto wa kinyesi kikavu na makapi, na watu wa kijiji kimoja cha Delta, Berma, wakirithishana ufundi wake. Hawakuwa na kipimajoto. Yai liliwekwa kwenye kope ya jicho, na ngozi hiyo nyembamba ikatoa hukumu. Wasafiri waliandika pia juu ya masharti ya kazi: aliyeleta mayai matatu arudishiwe vifaranga wawili, na ziada iwe ya mwenye tanuri. Mfaransa Réaumur alitoa kitabu kizima juu ya sanaa hii mwaka 1749, akitaka kuihamishia kwao. Kuku wa Fayoum, mbegu mashuhuri ya Misri, wanajulikana hadi leo kwa uzito wa kuatamia. Haifai kuapa kwamba tanuri ndilo lililowasahaulisha, lakini panapokuwa na tanuri hakuna anayempoteza mtetea asiyetaka kukaa, na pasipo tanuri kuku wa namna hiyo hana mjukuu.

Marekani jambo hili halikuachiwa bahati. Mashine za kuangulia zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, kuatamia kuligeuka kuwa kasoro. Hesabu ilikuwa nyepesi: kuku anayeatamia hatagi, na akilea hatagi wiki nyingine kadhaa. Leghorn mweupe alichaguliwa kizazi baada ya kizazi hata hamu ile ikakaribia kuzimika, na mbegu zake za leo zinakaribia mayai 300 kwa mwaka. Mwaka 1918 posta ya nchi hiyo ilikubali rasmi kupokea vifaranga wa siku moja ndani ya maboksi. Waliwezaje kusafiri siku mbili njiani bila punje wala tone? Kwa kiini kile kile. Akiba ambayo mama aliwekewa ili asiwaache waliochelewa, mfanyabiashara aliipata bure, akaitumia kumwondoa mama mwenyewe.

Maboksi hayo yamefika visiwani siku nyingi, na si jambo la kulaumu tu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na vifaranga wake wanaadui wengi. Mwewe wa methali ni mmoja tu. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, aligeuka kuwa mwizi wa vifaranga na wa mayai ya ndege wengine. Na ugonjwa wa kideri ukishuka huondoka na banda zima. Mama anayehitaji karo haambiwi angoje pepo zibadilike. Katikati ya miaka ya 2010 Tanzania, pamoja na Ethiopia na Nigeria, zilijaribu mbegu zilizoboreshwa katika mradi mmoja wa utafiti. Sasso wa Ufaransa na Kuroiler wa India wakaingia vijijini. Wanakua upesi na wanataga sana. Kuatamia, ni nadra. Anayewafuga akitaka kizazi kingine hana budi kurudi kwa muuzaji, na jogoo wao akichanganyika na tembe wa jirani, hamu ya kukaa nayo hupungua katika watoto bila kupigiwa mbiu.

Maarifa yaliyokuwa yakimzunguka mtetea yalikuwa, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa wanawake na hayakuandikwa. Kulitazama yai kwenye mwanga wa kandili siku ya saba, kuona mishipa au kuona utupu. Kuyatoa mayai viza kabla hayajapasuka na kuharibu mengine. Kuweka majivu kwenye kiota ili wadudu wasimfukuze. Kumhamisha usiku, kwa sababu mchana hatakubali. Yanasemwa kwa maneno machache, na husemwa tu pale ambapo kuna kuku aliyekaa.

Bado wapo. Pengine ndiyo sababu baadhi ya wafugaji, walipoona mayai ya chotara yanaachwa yapoe juu ya majani, hawakutafuta umeme. Waliyachukua jioni wakamwekea kuku mdogo wa kienyeji aliye nyuma ya jiko, tisa au kumi na moja kwa kadiri kifua chake kinavyoweza kufunika. Siku ya 21 huinuka amekonda, na vifaranga wakubwa wasiofanana naye, akawaongoza jaani na kuwaonyesha namna ya kuchakura, ingawa methali yasema hawafunzwi.