Oysterbay na Watu wa Uani

Ukivuka Daraja la Selander ukitokea katikati ya Dar es Salaam, kelele za mji hupungua na vivuli huongezeka. Umeingia Oysterbay. Mikrismasi huchanua mwishoni mwa mwaka, mivinje huvuma upande wa bahari, na wengi wetu hudhani mtaa huu ulizaliwa hivyo. La. Utulivu wake ulitungiwa sheria, ukalipiwa na serikali, kisha ukatunzwa siku baada ya siku na watu ambao hawakuhesabiwa kuwa wakazi wake.

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizotenga upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, kwa nyumba za mtindo wa Kizungu. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916 na wakaukuta mgawanyo huo umeshaanza. Lakini wao waliishika Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na sheria inayotaja rangi ya mtu ingezua maswali. Kwa hiyo mwaka 1924 waligawa mji kanda tatu kwa aina ya nyumba. Aliyetaka kiwanja katika kanda ya kwanza alitakiwa kujenga nyumba ya Kizungu, na gharama ikafanya kazi ambayo sheria haikuthubutu kuitamka. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika, watu wasikaribiane.

Uzunguni ya zamani, ile kanda ya kwanza, ilipoanza kuwabana maofisa, macho yaligeukia ng'ambo ya mto Msimbazi. Daraja lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa Kazi za Umma wa Tanganyika. Ng'ambo hiyo haikuwa pori tupu. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi cha miaka mingi, chenye makaburi ya zamani yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kando ya kijiji hicho, katika miaka ya 1930, nyumba za maofisa zilianza kupangwa moja moja kuelekea bahari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mpango wa mji wa mwaka 1949 ulizungumza lugha ya ujazo wa makazi: ujazo mkubwa, wa kati na mdogo. Maneno yalibadilika, watu wakabaki palepale, na Oysterbay ikawa ya ujazo mdogo.

Tuiangalie nyumba yenyewe. Dari iko juu, kibaraza ni kipana, madirisha yana nyavu za mbu na yamepangwa yapokee kaskazi na kusi. Mbele kuna bustani, na mpaka wake ni ua wa michongoma uliokatwa ukalingana. Kariakoo wakati huo nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ujia katikati, vyumba kulia na kushoto, mara nyingi kila chumba na familia yake. Jiko na choo vilikuwa uani, na mbele palikuwa na baraza ambapo wapita njia walisalimiwa. Oysterbay haikuwa na baraza la kumsubiri mpita njia. Nyuma ya kila nyumba kubwa, hata hivyo, kulikuwa na banda dogo la watumishi. Humo aliishi mpishi, au boi, au mtunza bustani, na asubuhi ya mtaa ilianzia humo: moto kuwashwa, maji ya kuoga kuchemshwa, sakafu kupigwa deki, majani ya usiku kufagiliwa kabla bwana hajaamka. Wengine walikuja kwa miguu au kwa baiskeli kutoka Msasani na Kinondoni.

Tusidhani watu hawa walikuwa kimya. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa tayari na chama chao. Mwishoni mwa 1956 watumishi wa majumbani na hotelini waligoma, na maofisa wakaonja kupika chai yao wenyewe.

Mmoja wa waliofanya kazi katika bustani za Wazungu mjini alikuwa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuja Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora. Alichukua vipande vya mbao za ujenzi, akatumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akamweka mnyama mmoja katikati ya uwanja wa rangi moja: chui, ndege, tembo. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, hapohapo Oysterbay, wageni walipokuja kununua mahitaji yao. Jamaa na vijana wa kwao, akina January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata, wakajifunza kwake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka 40. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Leo mtindo unaobeba jina lake unajulikana duniani kote, na kwangu mimi hakuna kingine kilichotoka Oysterbay chenye uzito huo. Mtindo huo haukutoka sebuleni kwa ofisa yeyote. Ulitoka kando ya barabara.

Baada ya Uhuru, maofisa wa Kiafrika walihamia katika nyumba zilezile, na mabanda ya uani yakabaki na kazi ileile. Miaka ya 1980, mshahara wa serikali uliposhindwa kufika hata nusu ya mwezi, bustani zikageuzwa miradi. Wakubwa wa wizara walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wakala majani ya bustani zilizokuwa fahari ya wakoloni. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi wake, uamuzi uliolalamikiwa sana. Michongoma ikang'olewa, kuta zikapanda, na penye nyumba moja ya zamani mara nyingi sasa pana ghorofa.

Historia ya wenye nyumba ipo kwenye majalada na ramani. Ya watu wa uani imo vichwani mwa wazee, nao wanatutoka. Kama babu, bibi au mzazi wako alipika, alifua, alilea watoto au alimwagilia miti ya Oysterbay, kaa naye wiki hii, mwulize alilipwa nini na alilala wapi, kisha uandike.